Rumeti kahama, ukuta una mashimo manne: nani analipa?

Nasimamia nyumba za kupanga Nairobi, upande wa Thika Road. Kila mwisho wa mwezi lazima nipate simu kama ile ya dada mmoja wa Roysambu. Mwenzake alihama Jumamosi alfajiri na televisheni yake. Kishikio cha kuibeba ukutani hakukifungua skrubu, alikivuta tu, na plasta ikatoka nacho. "Kaka, si mimi niliyeharibu," akaniambia.

Nilimwamini, lakini haikumsaidia. Mkataba wao una majina mawili, na umesema wazi kwamba wanawajibika wote pamoja, na pia kila mmoja peke yake kwa deni lote. Mwenye nyumba hana haja ya kujua nani alivuta nini. Na kama mkataba una jina lako tu, ndiyo kabisa: huyo mwenzako, kwa mwenye nyumba, ni mgeni wako.

Kwa hiyo mambo ni mawili: deni lenu kwa mwenye nyumba, na deni la mwenzako kwako. Wengi huyachanganya, wakaja kwangu niwaamulie ugomvi usionihusu.

Chombo chako kikubwa ni dipoziti. Kwa kawaida sisi hatuirudishi mmoja anapoondoka. Inakaa mpaka nyumba irudi tupu. Anayehama hulipwa nusu yake na wewe, au na mpangaji mpya anayechukua chumba chake. Hapo ndipo watu huumia: mpya anamtumia wa zamani 14,000 moja kwa moja kwa M-Pesa, na mashimo yanabaki yako. Pesa hiyo ipitie kwako, na isitoke kabla hamjazunguka nyumba pamoja, taa zimewashwa, simu mkononi.

Kisha mlete fundi aandike bei. Ukuta ule ulihitaji plasta, fila na rangi, Sh4,500. Rangi ndiyo huleta kelele. Ukipaka kiraka kwenye ukuta wa miaka mitatu kitaonekana kama sarafu mpya, kwa hiyo kudai ukuta mzima ni haki. Kudai chumba kizima si haki. Vivyo hivyo, mlango wa kabati uliolegea bawaba baada ya miaka mitano ni uchakavu wa kawaida, na hata ukivunjwa, unadai thamani ya kabati kuukuu, si bei ya jipya dukani.

Usimzuilie friji yake eti mpaka alipe. Utajikuta wewe ndiye unayeshtakiwa. Polisi nao watauliza kama aliharibu kwa makusudi. Haraka ya kuhama si makusudi.

Akikataa kabisa, mwandikie kiasi na tarehe ya mwisho, kisha nenda Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, 2021, na husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, yakiwemo ya uharibifu wa mali. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili, na Kiswahili kinakubalika. Beba picha, karatasi ya fundi, risiti na jumbe zenu. Usilale tu: madai ya uharibifu hupitwa na wakati baada ya miaka mitatu.

Dada wa Roysambu hakufika huko. Kabla hajatuma hesabu yake nilifungua picha nilizopiga siku walipoingia. Mashimo mawili kati ya yale manne yalikuwepo tayari, ya mpangaji aliyewatangulia. Mwenye nyumba alinuna, ila akalipa nusu. Yule aliyehama akakatwa 2,250, akatumiwa 11,750, na kishikio bado kiko kwenye kabati langu la ofisini, skrubu zake bado ndani yake.