Asilimia 4 iliyonitia wasiwasi

"Jarida lenu linakubali asilimia ngapi?" Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nina jibu lililoandikwa tayari, nalinakili tu. Anayeuliza anamaanisha asilimia ya kufanana, ile namba inayotolewa na programu ya kukagua wizi wa maandishi. Wengine huambatisha ripoti yenyewe hata kabla sijaiomba. Siwalaumu. Vyuo vingi vimeweka kikomo, na mwanafunzi hufundishwa kuishusha namba mpaka ipite, basi. Mimi ni mhariri wa jarida la utafiti wa afya kwa miaka kumi na moja sasa, na namba hiyo peke yake hainiambii mengi.

Kuna wiki niliyopokea makala mbili zilizonifundisha hilo vizuri. Ya kwanza ilikuja na asilimia 36. Nikafungua ripoti, nikakuta wekundu umetapakaa kwenye sehemu ya mbinu: namna sampuli zilivyochukuliwa, jina la dodoso, vipimo vilivyotumika. Mwandishi alikuwa anarudia mbinu yake mwenyewe ya miaka miwili nyuma, na kazi ile ya zamani aliitaja wazi. Damu iliyohifadhiwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri utaieleza kwa namna ngapi? Ya pili ilikuwa na asilimia 4. Ripoti nyeupe pee. Lakini kila nikisoma, nakwama. Nikiyaweka maneno yake kwa Kiswahili, ilikuwa kana kwamba saratani ya matiti imeitwa "hatari ya kifuani" na akili mnemba imeitwa "fahamu ghushi". Hakuna daktari anayezungumza hivyo.

Mwaka 2021 Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha jinsi maneno ya namna hii yanavyoingia kwenye majarida, wakayaita misemo iliyoteswa. Mtu huchukua makala ya mwenzake, akaipitisha kwenye programu inayobadilisha kila neno kwa kisawe chake, na kikaguzi kinaona maandishi mapya. Nikatafuta chanzo jioni nzima. Nilipokipata, majedwali yalikuwa yaleyale mpaka nukta za desimali. Yenye 36 ikaenda kwa wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa. Yenye 4 ikarudi kwa mwenyewe na barua ya kumtaka ajieleze. Hakujibu mpaka leo.

Hata hivyo wizi wa maandishi una nafuu moja: ukiutafuta, unaonekana. Kinachonisumbua zaidi ni mstari ulio chini ya kichwa cha makala, yaani majina.

Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakubaliane jinsi makala zinavyopaswa kuandaliwa. Kikundi kile ndicho kilichozaa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, na masharti yake kuhusu nani aitwe mwandishi yanafuatwa hata na majarida yasiyogusa tiba. Yako manne. Uwe umechangia kwa uzito wazo la utafiti, au ukusanyaji na uchambuzi wa data. Uwe umeandika, au umeisahihisha rasimu kwa kuingia ndani ya hoja. Uwe umeidhinisha toleo la mwisho. Na uwe umekubali kuwajibika kwa kazi nzima, hata sehemu ambayo hukuifanya kwa mkono wako, ikitokea mtu akaitilia shaka. Hili la nne liliongezwa 2013. Unatakiwa kuyatimiza yote, huchagui moja. Kutafuta fedha za mradi hakutoshi, wala kuwa mkuu wa maabara. Shukrani mwishoni mwa makala ziliwekwa kwa ajili hiyo.

Sasa fikiria barua pepe hii, niliyoipata makala ikiwa imeshakubaliwa, imebaki kupangwa tu: "Mheshimiwa Mhariri, kwa bahati mbaya tulisahau jina la Profesa wetu. Tunaomba awe wa kwanza." Mtu hasahau mwandishi wa kwanza! Nikajibu kwa adabu nikiomba kila mmoja aeleze kwa maandishi Profesa alifanya nini, na wote watie saini kuridhia mabadiliko. Siku tatu baadaye mwandishi mdogo kuliko wote akaniandikia kutoka anwani yake binafsi: "Naomba uikatae hiyo saini yangu, mimi siwezi kuikataa." Sikuitumia barua yake mahali popote, ningemponza. Nilisema tu kwamba maelezo ya mchango hayakidhi masharti, jina likabaki kwenye shukrani. Msukumo ukaonekana umetoka kwangu, na mimi Profesa hana la kunifanya.

Watu huona jina la zawadi, yaani la mtu ambaye hakutimiza masharti, kama heshima ndogo isiyomuumiza mtu. Basi kumbuka Mei 2020. Jarida la The Lancet lilichapisha utafiti kuhusu hydroxychloroquine, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa dhidi ya UVIKO-19, uliodai kutumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671. Kwa sababu yake Shirika la Afya Duniani lilisitisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Data zote zilitoka kwenye kampuni moja, Surgisphere. Wasomaji walipoanza kuhoji hesabu, waandishi watatu kati ya wanne wakaomba data ghafi zikaguliwe na watu huru, kampuni ikagoma kuzitoa. Tarehe 4 Juni makala ikabatilishwa. Watatu hao walikuwa wameweka majina yao juu ya data ambazo hawakuweza kuzifungua. Tangu hapo fomu yetu ina kisanduku kinachouliza ni waandishi gani wameziona data kwa macho yao. Ungeshangaa ni wangapi wanakiacha kitupu.

Wahakiki nao wana mambo yao. Tulikuwa tukiwaruhusu waandishi kupendekeza wahakiki, mpaka nilipopokea tathmini iliyorudi kwa saa tano, sifa tupu kuanzia juu mpaka chini, kutoka anwani ya barua pepe ya bure yenye jina la mtaalamu maarufu lililokosewa herufi moja. Mwenyewe nilipomwandikia chuoni kwake, hakuwa na habari. Ujanja huu si mpya: mwaka 2014 Journal of Vibration and Control ilibatilisha makala 60 kwa mpigo kwa sababu ya uhakiki wa kujipangia. Siku hizi anwani tunazitafuta wenyewe. Na mhakiki anayemwaga makala ya siri ya mtu kwenye roboti ya mazungumzo ili imwandikie maoni, huyo namtoa kwenye orodha.

Nimalizie na kubatilisha makala, maana neno lenyewe linawatisha watu. Mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa na wahariri Uingereza mwaka 1997, unasema tangazo la kubatilisha litaje sababu na litaje nani anabatilisha. Sababu inaweza kuwa udanganyifu; inaweza pia kuwa kosa la kawaida la binadamu.

Mtafiti mmoja aliniandikia usiku kwamba kwenye kituo kimoja cha utafiti wake waliopewa dawa walisajiliwa kama 0 na wasiopewa kama 1, kinyume na vituo vingine. Akirekebisha, matokeo yanayeyuka. Akauliza kama masahihisho madogo yangetosha. Hayakutosha, hitimisho lote lilisimama juu ya matokeo hayo. "Watu si watadhani nimeiba?" Tukaandika tangazo pamoja, rasimu tatu, mpaka sentensi ya kwanza ikasema bayana kwamba kosa liligunduliwa na waandishi wenyewe. Miezi minane baadaye akaleta kazi mpya, ikapitiwa na wahakiki wengine kabisa. Safari hii faili la data liliambatishwa, na mstari wake wa kwanza unaeleza 0 ni nani na 1 ni nani.