Sampuli iliyozimwa ni ipi hasa?

Kila Ebola au Marburg inapolipuka huku kwetu, iwe Kivu, Mubende au Kagera, watu huanza kusema "sampuli zimezimwa", na mara nyingi wanachokieleza ni damu iliyowekwa kwenye kisanduku cha barafu. Hapo ndipo nataka tuelewane.

Kuzima virusi ni kuviondolea uwezo wa kuambukiza, kwa kemikali, joto au mionzi. Faida yake ni kwamba damu ya mgonjwa ikishazimwa inaweza kupimwa nje ya maabara za usalama wa ngazi ya 4, yaani ngazi ya juu kabisa, ambazo Afrika nzima ni za kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana GeneXpert, mashine ile ile tunayopimia kifua kikuu, iliweza kupima Ebola Kivu Kaskazini kuanzia 2018.

Sasa barafu. Baridi haizimi kirusi, inakitunza. Watafiti wanaotaka kirusi kikae hai kwa miaka hukiweka kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kile kimiminika cha rangi ya waridi kinachowekewa pamba ya puani nacho, kwa kawaida, kimetengenezwa ili kirusi kifike maabara kikiwa hai. Siku hizi zipo chupa zenye dawa ya kuzima, lakini huwezi kuzijua kwa kutazama kifuniko. Soma lebo.

Kosa la pili liko upande wa pili. Majibu yakitoka chanya, utasikia mtu akilalamika, "Si mlisema mmeshavizima?" Ndiyo, na kipimo cha PCR hakiulizi kama kirusi ki hai, kinatafuta vinasaba vyake tu. Guanidini thiosayaneti, chumvi iliyomo kwenye bufa nyingi (vimiminika vya kuzimia sampuli) za kazi hii, hubomoa ganda la mafuta la kirusi na kuharibu umbo la protini zake. Papo hapo huvuruga vimeng'enya vya damu ambavyo vingekatakata RNA, yaani vinasaba vya kirusi. Kwa hiyo dawa inayokizima kirusi ndiyo inayotuhifadhia ushahidi kwamba kilikuwepo. Mimi naona huo ni uhandisi mzuri mno.

(Bufa hiyo ikimwagika, usiikimbilie na jiki. Guanidini thiosayaneti ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu.)

Tena, bufa kuwemo kwenye mrija si hakikisho. Uwiano wa damu na bufa lazima uwe ule uliojaribiwa, muda utimie, na mrija upinduliwe ili dawa ifike hadi chini ya kifuniko, maana tone moja la damu lililoganda pale juu halijaguswa na kitu. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, majaribio yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa bufa ya AVL, mojawapo ya bufa hizo zenye guanidini thiosayaneti, peke yake iliacha Ebola hai katika baadhi ya sampuli. Ilipoongezwa ethanoli, hakikupatikana kirusi hai. Hatua hiyo ya ethanoli ndiyo mtu aliyechoka, mwenye foleni ya sampuli mbele yake, huona anaweza kuiruka.

Joto nalo hutumika, nyuzi 60 kwa saa nzima, ila linaharibu baadhi ya vipimo vya kemia ya damu, kwa hiyo halifai kila mahali.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa maabara na wa habari, damu iliyo kwenye barafu tuiite iliyohifadhiwa, na tuishike kama ilivyotoka kwa mgonjwa. Neno "imezimwa" liandikwe kwenye mrija pale tu linapoweza kufuatiwa na jina la dawa, kiasi chake, muda, na sahihi ya aliyefanya.