Chumvi Haifufui Tezi Iliyokufa

Juzi kliniki nimempokea tena mama wa aina ileile, safari hii kutoka upande wa Kasulu. Uso umejaa, kope zimevimba, sauti imekwaruza, na amevaa sweta mchana wa jua la Kigoma. Vidonge vyake vya tezi ya shingoni alikwisha kuviacha. Shemeji yake alimwambia: "Huo ugonjwa ni wa kukosa madini joto. Nunua chumvi nzuri, ongeza kwenye mboga, uachane na dawa za kumeza maisha yote." Akaongeza chumvi. Presha nayo ikapanda.

Nilimpigisha magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia nje, nikagonga kano ya kisigino kwa kinyundo. Unyayo uliruka kama kawaida, kisha ukarudi mahali pake taratibu, ukijivuta, kiasi kwamba hata nesi aliyesimama mlangoni aliuona. Kipimo cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi na ambayo hupanda tezi ikilegea, tulichukua, lakini kisigino kilikuwa kimeshatupa jibu: homoni ya tezi imepungua.

Shemeji huyo hakusema uongo mtupu, na ndiyo maana maneno yake yanaaminika. Mkoa wetu una historia ya rovu. Wazee wa milima ya Buhigwe na Kibondo wanawakumbuka akina bibi waliokuwa na shingo zilizojaa. Udongo wa nyanda za juu umeoshwa na mvua kwa miaka na miaka, madini joto yamekwenda na maji, na kinachoota humo kinakuwa na upungufu huohuo. Watu hudhani samaki watatuokoa kwa kuwa tunakaa ziwani. Samaki wa baharini ndio wenye madini joto kwa wingi. Dagaa na mikebuka wetu wa Tanganyika ni chakula kizuri sana kwa protini, lakini ni samaki wa maji baridi, msiwategemee kwa hili. Chumvi ya Uvinza nayo imechemshwa kutoka kwenye chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi, iwe ya chemchemi au ya bahari, haina madini joto ya kutosha mpaka mtu ayaongeze kiwandani.

Halafu kuna muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri hubaki na sayanidi. Mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, na hiyo hugombania mlango uleule ambao madini joto hupitia kuingia kwenye tezi. Mwenye madini joto ya kutosha hadhuriki kirahisi. Mwenye upungufu tayari, ugali wa muhogo uliofanyiwa haraka unamsukuma shimoni. Loweka siku za kutosha, vundika, anika mpaka ukauke. Mama zetu walilijua hili kabla ya madaktari. Kabichi iliyopikwa, mnaonikimbilia kuniuliza kila siku, kuleni.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi. Rovu na upungufu wa homoni ni mambo mawili. Tezi ikikosa madini joto hutanuka ili ikamate hata kidogo kinachopita, na mara nyingi inafanikiwa: shingo imevimba, homoni ziko sawa, mtu analima na kuzaa bila shida. Wapo wengi wa namna hiyo. Kwa upande mwingine, wagonjwa wangu wengi wa upungufu wa homoni wana shingo nyembamba kabisa. Tezi yao imesinyaa. Ukiipapasa, huoni kitu.

Imesinyaa kwa sababu kinga ya mwili imeishambulia. Daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, alieleza ugonjwa huu mwaka 1912 baada ya kuziangalia kwa hadubini tezi zilizotolewa kwa upasuaji, akakuta zimejaa chembe nyeupe za damu. Mahali ambapo chumvi ina madini joto, hiki ndicho chanzo kikuu cha tezi kushindwa kazi, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Wengine tezi imetolewa kwa upasuaji au imechomwa kwa madini joto ya mionzi. Wengine ni dawa: lithiamu ya wagonjwa wa akili, ethionamaidi wanayopewa wenye kifua kikuu sugu, na amiodaroni ya moyo. Kidonge kimoja cha amiodaroni cha miligramu 200 kina takribani miligramu 75 za madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Pigeni hesabu: kidonge kimoja ni mahitaji ya siku 500. Tezi dhaifu ikimwagiwa kiasi hicho hufunga kazi.

Kwa hiyo unaposikia matone ya madini joto yanauzwa sokoni kwa ajili ya "kuamsha tezi", elewa kwamba kwa mwenye Hashimoto yanaweza kuizimisha zaidi. Na kwa mzee mwenye rovu kuukuu la mafundo mafundo yanaweza kufanya kinyume, homoni zikafurika, moyo ukaenda mbio. Hili lilitokea kweli miaka ya 1990 huko Kivu, kaskazini mwa ziwa letu upande wa Kongo, watu waliokaa muda mrefu na upungufu walipoanza kupata chumvi yenye madini joto. Denmark nayo, baada ya kuilazimisha chumvi hiyo mwaka 2000, wagonjwa wapya wa upungufu wa homoni waliongezeka kiasi.

Nayasema haya nikijua kuna mtu atayageuza yawe sababu ya kukataa chumvi. Asithubutu. Mama mjamzito asiye na madini joto anazaa mtoto ambaye ubongo wake umepunjwa tangu tumboni, na hakuna darasa litakaloufidia. Chumvi yenye madini joto inakinga kizazi kizima. Ikifika jikoni na miligramu 30 kwa kilo, gramu 5 kwa siku, ambazo Shirika la Afya Duniani linasema tusizizidishe, zinakupa mikrogramu 150 kamili. Ikifika na 15 tu, unapata nusu. Ifunike, usiianike juani, itie chakula kikikaribia kuiva. Lakini kuila maradufu hakuipi uhai tezi iliyokwisha kufa. Kiwanda hakipo, mali ghafi utaipeleka wapi?

Kidonge cha levothairoksini ni homoni yenyewe, ileile ambayo tezi ingetoa. Mwaka 1891 daktari Mwingereza, George Murray, alimchoma mgonjwa wake maji ya tezi ya kondoo, na mama yule aliishi miaka 28 zaidi. Hakuwa mraibu wa kondoo. Alirudishiwa kilichopungua. Wanaosema "usizoee dawa" ningependa wamwone mtu aliyeacha kwa miezi, amelala hajitambui, mwili wa baridi, mapigo yamepungua. Wengine hatuwawahi.

Kuna kundi ambalo hata sisi wahudumu tunalipoteza. Mama amejifungua, akatokwa damu nyingi mno, akaongezewa, akapona. Maziwa hayakutoka. Hedhi haikurudi. Mwaka unapita, amechoka, anahisi baridi, nywele za kwapani zimepukutika. Anapimwa TSH, jibu linakuja "kawaida", anaambiwa hana kitu, akapumzike. Kumbe iliyokufa ni pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, ile inayoitengeneza hiyo TSH. Haiwezi kupiga kelele kwa kuwa haina sauti. Hapa TSH peke yake inakudanganya, lazima upime na T4 huru, yaani homoni yenyewe ya tezi ya shingoni iliyomo kwenye damu. Na usimpe levothairoksini kabla hujamhakikishia kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili msukosuko, maana utamwangusha. Mimi humuuliza kila mwanamke: maziwa yalitoka? Swali hilo halina gharama, na mara nyingi halikuwa limeulizwa.

Sasa mashaka yangu. Wagonjwa wengi siwezi kuwaambia kwa uhakika chanzo chao, kwa sababu kipimo cha kingamwili za tezi kwetu si cha kukimbilia dirishani, na fedha ya mgonjwa ni bora ikalipie TSH na vidonge. Natibu upungufu, chanzo nakikisia. Halafu wapo ambao TSH yao iko juu kidogo, kati ya 4.5 na 10, na T4 ni nzuri. Kijana mwenye dalili, au mwanamke anayetafuta mimba, nampa dawa. Mzee simpi haraka: utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017, wenye watu 737 wa miaka 65 na kuendelea, haukuona dawa ikiwapunguzia uchovu. Na wapo wanaomeza vizuri, TSH imenyooka, na bado wanaamka wamechoka. Nawapima damu, nawauliza kuhusu usingizi na huzuni, na wengine nabaki sina jibu. Uchovu wao ni wa kweli. Siwaambii wanajisingizia.

Kumeza ndiko kunakoharibu wengi. Asubuhi, tumbo tupu, maji matupu, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Chai ya maziwa na kitumbua juu ya kidonge ni kukitupa. Vidonge vya damu, kalsiamu na dawa za vidonda vya tumbo viachane nacho kwa saa 4. Ndugu zangu wa Ujiji huniuliza kuhusu Ramadhani: meza usiku wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya kula, au amkia daku mapema, umeze, usubiri, ndipo ule. Usikihifadhi chini ya bati, joto hukiharibu. Ukisahau siku moja usihangaike, homoni hii hukaa mwilini, nusu yake huchukua takribani wiki kuisha. Kwa sababu hiyohiyo hakuna maana kurudia TSH baada ya siku 10. Subiri wiki 6 hadi 8. Mzee au mwenye moyo mbovu huanza na mikrogramu 25 au pungufu, tunapanda polepole. Ukianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, njoo, dozi itahitaji kupanda.

Watoto wachanga nao. Kwetu hawapimwi wote wanapozaliwa, kwa hiyo macho ni ya mama na bibi. Mtoto wa manjano isiyoisha, ulimi mnene, kitovu kimetoka nje, choo kigumu, halii, anasifiwa kwa upole. Mlete. Dawa ikianza ndani ya wiki 2 za kwanza, ubongo wake unaokolewa.

Na wewe uliye kwenye vidonge ukakosa hedhi: usisubiri tumbo lionekane, na usiache dawa kwa kuhofia mtoto, maana mwanzoni anategemea homoni zako. Mahitaji hupanda kwa robo au zaidi. Njoo mara moja tuiongeze dozi, mwambie nesi wa kliniki ya wajawazito siku ya kwanza kwamba unatumia vidonge vya tezi, na vile vya damu atakavyokupa vihamishie jioni.