Je, wajua kwa nini kipa mwenye miwani minene ndiye anayeona kuliko wote?

Hili swali nilishalijibu mara moja, tena kwa kujiamini kabisa, na nikalikosea. Mpwa wangu anasoma Marekani, darasa la saba, usiku mmoja akanitumia vois WhatsApp: "Shikamoo mjomba, tunasoma riwaya ya mpira shuleni, mwalimu anataka tueleze fani yake, nisaidie." Riwaya yenyewe inaitwa Tangerine, kaiandika Edward Bloor, ilitoka 1997, ni ya vijana na shule nyingi za kule wanaisoma mpaka leo. Swali alilopewa: kwa nini mwandishi kachukua mtoto asiyeona vizuri halafu akamfanya golikipa?

Mi nikasoma kurasa za mwanzo kwenye simu, ilikuwa saa tano usiku na nilikuwa na usingizi, nikamjibu kama mwalimu mkuu. Nikamwambia mbona rahisi, mtoto alitazama jua likipatwa bila kukinga macho, macho yakaungua, kwa hiyo dhamira ni asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na habari ya golini ni kuonyesha kwamba ulemavu si kulemaa, andika hivyo. Akaandika. Karatasi ikarudi ina wino mwekundu pembeni: "Umesoma hadi mwisho?" Mpwa wangu ana adabu, hakusema neno, alinitumia picha tu ya ile karatasi.

Basi nikasoma hadi mwisho. Na kama unapanga kukisoma mwenyewe ishia hapa hapa, maana kuanzia aya inayofuata namwaga mchuzi wote.

Kwa ufupi, Paul Fisher ana miaka 12, familia yake inahama Houston, Texas, kwenda kaunti ya kubuni inayoitwa Tangerine huko Florida, sehemu ya mashamba ya michungwa na michenza. Kisheria Paul anahesabika kipofu, anavaa miwani minene, ila anadaka mpira vizuri tu. Kaka yake Erik ni staa wa ule mpira wa Kimarekani, ule wa mikono na helmeti, na yeye kazi yake ni kupiga mpira wa kutulizwa upite juu katikati ya nguzo. Yaani katika mchezo unaoitwa "wa miguu" ila unachezwa kwa mikono, Erik ndiye anayetumia mguu. Baba mtu anaishi kwa ajili ya ndoto za Erik. Mechi za Paul zinahudhuriwa na mama, akipata nafasi.

Sasa turudi kwenye kosa langu, maana nimegundua sikuwa peke yangu na pia halikuwa bahati mbaya. Ule mtego umetegwa makusudi. Kwenye kitabu kila mtu anaambiwa Paul aliharibu macho kwa kutazama kupatwa kwa jua alipokuwa mdogo. Ndiyo hadithi ya nyumbani, shuleni wanaijua, Paul mwenyewe kaambiwa hivyo hivyo. Na ni hadithi yenye umbo tunalolijua tangu tuko kwenye mkeka wa bibi: mtoto kakatazwa, mtoto kafanya, mtoto kaumia. Ukishasikia kitu chenye umbo hilo akili inafunga faili. Huulizi nani alikuwa na mtoto siku ile, huulizi nani alishuhudia. Methali imeshatoa hukumu.

Halafu hadithi yenyewe kisayansi inashikika, ndiyo maana inakuwa ngumu kuistukia. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kipete na watu wakajazana Rujewa kule Mbeya kuona ile pete, sisi mtaani kwetu Dar tuliliona limemegwa tu, jirani alileta beseni la maji tulitazamie humo (usijaribu, mwanga unaorudi kwenye maji nao si wa kuuamini), na kila mzee aliyepita alituonya tutapofuka. Hawakuwa wanatishia bure. Jua linapofunikwa mwanga unapungua, kwa hiyo hukunji macho, unakodoa tu, huku mwanga wa ile sehemu iliyobaki unaharibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Na retina haisikii maumivu. Unaweza kuungua ukiwa unatabasamu, ukagundua baada ya saa kadhaa.

Ila hapo ndipo ningetakiwa kusita. Jeraha la namna hiyo kwa kawaida linapiga katikati ya kuona, pale unaposomea maandishi na kutambua sura ya mtu, na wengi wanapata nafuu kiasi fulani baada ya wiki au miezi, kupofuka moja kwa moja ni nadra. Sisemi Bloor aliandika kitabu cha udaktari, na riwaya haituwekei vipimo vya macho ya Paul mezani tuvikague. Nasema tu kwamba hadithi ya kupatwa kwa jua ni nusu sahihi, na nusu sahihi ndiyo inayodanganya vizuri. Kingine, hiki kipo wazi kabisa kwenye kitabu na mi nilikipita mbio: Paul mwenyewe hakumbuki kabisa kutazama jua. Anaambiwa tu kwamba alitazama.

Ukweli unakuja karibu na mwisho. Erik na rafiki yake walimshika Paul akiwa bado mdogo, Erik akamfumbua kope kwa nguvu, rafiki akampulizia rangi ya kopo machoni, kwa sababu walidhani amewachongea kwamba wao ndio waliochafua ukuta wa mtaa. Wazazi walijua. Wakaja na hadithi ya jua.

Hapa msomaji anaweza kukasirika, mi nilikasirika, nikasema mwandishi katuibia. Msimulizi ni Paul, nafsi ya kwanza, "mimi, mimi" kuanzia mwanzo, sasa inakuwaje mtu anayejisimulia mwenyewe afiche kurasa zote zile jambo kubwa lililompata mwenyewe? Hilo ndilo swali tamu hasa la hiki kitabu, na jibu limekaa kwenye tarehe. Riwaya imeandikwa kama shajara, kila kipande kina siku yake. Mtu anaona zile tarehe anadhani ni mapambo. Sio mapambo kabisa.

Chukulia mechi ya jana. Kuna njia mbili za kuijua. Moja, unasoma taarifa gazetini asubuhi, mwandishi anajua matokeo, kwa hiyo hata akikusimulia dakika ya tatu kalamu yake inajua kuna penati dakika ya 88. Huyo akikuficha ile penati mpaka mwisho, amekuficha kweli, alikuwa nayo mfukoni. Njia ya pili ni mtangazaji wa redio. Yule anakwambia anachokiona sasa hivi, "anapiga... ametoa nje... hapana, goooli!", na alipokosea kusema ametoa nje hakukudanganya, alikuwa na wewe kwenye giza lile lile. Msimulizi wa kawaida wa nafsi ya kwanza ni yule wa gazeti. Paul ni yule wa redio. Shajara inamlazimisha aandike akiwa hajui kesho, na kwa bahati mbaya yake hajui hata jana.

Juu ya hiyo shajara inayokwenda mbele Bloor kaweka kisengere nyuma, ndugu zetu wa Kenya mnaiita mbinu rejeshi. Shuleni tulifundishwa kisengere nyuma ni pale mhusika anapokumbuka ya zamani, nukta, maksi mbili. Mi nadhani picha nzuri zaidi ni marudio ya kwenye TV (kitabu ni cha zamani kuliko VAR lakini hainizuii). Marudio ya kwanza kamera iko mbali, unaona mchezaji kaanguka tu. Ya pili kamera iko pembeni, unaona kumbe kuna mguu. Ya tatu wamepunguza spidi, kamera nyuma ya goli, unaona uso wa aliyechezea rafu, anaangalia mguu wa mwenzake na haangalii mpira kabisa. Tukio ni lile lile moja. Kumbukumbu za Paul zinakuja hivyo. Ukurasa wa mwanzo kabisa, kabla hata hadithi haijaanza, anaona sanduku la barua limevunjwa, akakumbuka usiku fulani yuko kwenye baiskeli na gari linamfuata, ndani yake kuna mtu kashika gongo la besiboli. Halafu inakatika. Kurasa nyingi baadaye kinakuja kipande kingine, nacho kinakatika. Au tuseme ni kama kukamua nazi, ila kinyumenyume, maana nazi tui la kwanza ndilo zito na kila ukirudia linakuwa jepesi, huyu mtoto kila akikamua linakuja zito zaidi mpaka la mwisho linakaba.

Na akishaviunganisha vipande vyote hahitaji kuambiwa na mtu. Ndiyo maana ni yeye anayeona. Mle mwanzoni anasema anaona vitu ambavyo baba na mama hawavioni, au hawataki kuviona, mi nilidhani mtoto anajitutumua.

Nitie breki hapa kidogo. Hii ya kumbukumbu kuzikwa mzima mzima kisha ikarudi mzima mzima, kwenye riwaya inanoga, kwenye saikolojia ni ugomvi mkubwa, na kitabu kilitoka miaka ile ile ugomvi umewaka. Mwanasaikolojia wa Marekani Elizabeth Loftus na mwenzake Pickrell walichapisha jaribio 1995, watu 24 wakapewa visa vya utotoni vilivyotoka kwa ndugu zao, vya kweli, na kimoja cha kutunga kwamba waliwahi kupotea dukani, na karibu robo wakaja kukumbuka, kikamilifu au nusunusu, kitu ambacho hakikutokea. Watu 24 ni wachache, na kupotea dukani si kupuliziwa rangi machoni, kwa hiyo nisikupeleke mbali. Ila angalia ajabu yake: kwenye jaribio, hadithi ya ndugu inaingia kichwani inageuka kumbukumbu. Paul kaambiwa hadithi ya jua na familia yake miaka na miaka, na haikuingia. Pengo limebaki pengo.

Kingine nilichokiona kama chumvi ni mazingira. Radi inaua mchezaji mazoezini, moto unafuka chini kwa chini siku zote, shimo linafunguka linameza madarasa ya shule, nikasema huyu kazidisha. Kumbe Florida imekaa juu ya mawe ya chokaa, maji yanayayeyusha taratibu, na Mei 1981 mji wa Winter Park ulifunguka shimo la karibu mita 100 kwa upana likala nyumba, magari ya gereji zikiwemo Porsche, na kipande cha bwawa la kuogelea. Bloor alifundisha shule huko huko Florida, hakuhitaji kubuni sana. Kwenye riwaya mtaa wa kifahari wa kina Paul umejengwa juu ya michenza iliyong'olewa, ikachomwa, ikafukiwa, na sasa mchwa wa ile miti iliyofukiwa wanapanda kula mbao za nyumba mpya. Mwalimu wangu wa fasihi angeandika JAZANDA kwa herufi kubwa, yaani kitu kimoja kinachosimama badala ya kingine. Ukishajua siri ya ile familia unarudi kusoma habari za mchwa kwa macho mengine kabisa.

Sasa na ile habari ya kipa? Hata hiyo nilikosea nusu. Shule ya kwanza anaondolewa kwenye timu kwa sababu mama yake alijaza fomu kwamba haoni vizuri na kocha akaogopa mambo ya bima. Shimo linapomeza madarasa anaomba kuhamia shule nyingine, ya watoto wa mashambani, anamwomba mama ile fomu isiende. Huko golini kuna msichana anaitwa Shandra, hatoki pale, kwa hiyo Paul anaingia kama sabu acheze ndani. Ukipa kwake ni mahali alipoanzia kutazama. Kipa anasimama nyuma ya wote, ndiye pekee anayeona migongo ya wenzake, anaona beki anavyoanza kulegea kabla beki mwenyewe hajajijua. Nyumbani kwao Paul amesimama hapo hapo, nyuma, hakuna anayegeuka kumtazama, wote macho kwa Erik. Na huyo Erik, alipokwenda kupiga mpira wa kutulizwa, mpira ukaondolewa sekunde ya mwisho, akapiga hewa, akaangukia matope mbele ya uwanja mzima.

Mpwa wangu alipewa nafasi ya kurudia kazi. Safari hii hakuniuliza cha kuandika, alituma vois moja fupi tu: "Mjomba, mbona rangi waliyompulizia ilikuwa nyeupe, na kupatwa kwa jua ni giza?" Nilisoma zile kurasa za saa tano usiku, na zile nyingine zote, na hilo sikuliona. Nikamwambia aandike hilo hilo kama alivyolisema, mimi nisiliguse.