Malimbikizo ya ada ya huduma pale chama kinapouza maji

Malimbikizo ya ada ya huduma ni deni analobaki nalo mwenye nyumba kwa chama cha wakazi, au kwa kampuni inayosimamia jengo, tarehe ya kulipa ikishapita. Katika ghorofa za Nairobi na viunga vyake, kuanzia Kilimani hadi Syokimau, deni hilo mara nyingi ni madeni mawili yaliyoandikwa kwenye ankara moja, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

La kwanza ni mchango: mishahara ya walinzi, taka, lifti, taa za ngazi, bima ya jengo. Unaulipa hata kama nyumba imefungwa mwaka mzima nawe uko Dubai. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inamfanya kila mwenye fleti kuwa mwanachama wa shirika la jengo lake, atake asitake, na mchango wake hufuata ukubwa wa fungu lake katika jengo.

La pili ni matumizi: maji ya kisima au ya bauza (lori la maji), na pengine umeme wa jenereta, vitu ambavyo chama hununua kwa jumla na kuvigawa kwa mita ndogo ya kila nyumba. Tuseme mita kuu imesoma yuniti 620 kwa mwezi, na mita ndogo zote kwa pamoja zimetoa 560. Zile 60 zimekwenda kwenye choo cha walinzi, kwenye bustani, na kwenye bomba linalovuja chini ya maegesho. Hizo ni mzigo wa wote, kwa hiyo mahali pake ni kwenye mchango. Kamati ikizisambaza kimyakimya kwenye ankara za maji, inampa mdaiwa sababu ya kukataa hata maji aliyoyatumia kweli. Mistari miwili kwenye ankara inatosha kuzuia hilo, pamoja na risiti inayomwonyesha aliyelipa nusu kwamba fedha zake zimeingia mstari upi.

Kamati nyingi hukimbilia kumkatia maji anayedaiwa. Kumsimamishia huduma mtu ambaye hajalipia maji yenyewe, baada ya notisi ya maandishi na kama kanuni za jengo zinaruhusu, ni jambo linaloweza kutetewa. Kumfungia maji kwa sababu ya deni la walinzi ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na amri ya mahakama ya kufungua bomba inaweza kuigharimu kamati kuliko deni lenyewe. Tena anayeumia mara nyingi ni mpangaji: amelipa kodi yote, ada ya huduma ikiwemo, ila mwenye nyumba hajaifikisha.

Njia iliyo salama zaidi ni ya taratibu. Barua ya deni yenye hesabu ya kila mwezi, kisha makubaliano ya kulipa kwa awamu yaliyotiwa saini, kisha kamati ya ndani ya usuluhishi ambayo sheria hiyo ya 2020 inaitambua. Ikishindikana, mahakamani. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya fedha ya hadi shilingi milioni 1, yakiwemo yanayotokana na mikataba ya huduma, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Muda huo unavumilika hata kwa chama kinachosubiriwa na ankara ya umeme wa pampu.

Mita za tokeni huondoa deni la matumizi kwa kuwa mtu hulipa kabla ya kufungua bomba. Lakini kamati inayokataa kumuuzia mtu tokeni hadi amalize deni la lifti imemfungia maji vilevile, na itaulizwa maswali yaleyale mbele ya hakimu.