Vipimo vya gesi za stratosfia kutoka setilaiti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba setilaiti huigusa hewa na kuipima. MLS, chombo kilichomo ndani ya setilaiti ya Aura iliyorushwa Julai 2004, kilizinduliwa kwenye njia iliyo kilomita 705 hivi juu ya ardhi, ilhali stratosfia, tabaka la angahewa linalozungumziwa hapa, inaishia karibu kilomita 50. Kinachokifikia ni mawimbi hafifu ya maikrowevu yanayotolewa na molekuli za ozoni, mvuke wa maji na gesi nyingine. Kiasi cha gesi hukokotolewa baadaye kutokana na mawimbi hayo, kwa kutumia jotoridi, mgandamizo wa hewa na takwimu za maabara kuhusu tabia ya kila molekuli. Kosa likiingia popote katika mnyororo huo, litatokea kwenye jibu bila kupiga kelele. Kwa hiyo uhakiki ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Wengine husema: basi rusha puto, puto halikosei. Nalo hukosea. Kipima-ozoni cha puto huvuta hewa kwa pampu ndogo na kuipitisha kwenye myeyusho wa iodidi ya potasiamu. Ozoni ikikutana na iodidi, umeme kidogo hupita, nao ndio unaosomwa. Kule juu hewa ni nyembamba, pampu inalegea, na ni lazima hesabu irekebishwe. Zaidi ya hapo, maputo mengi hupasuka yakiwa kati ya kilomita 30 na 35, kwa hiyo sehemu ya juu ya stratosfia hayaifikii kabisa. Huko hutegemewa laiza na vipokezi vya maikrowevu vya ardhini, kama vile vya Mauna Loa kule Hawaii na Lauder kule New Zealand. Tena uhakiki una njia mbili: baada ya 2013, ulinganisho na setilaiti ndio ulioonyesha kwamba baadhi ya vituo vya maputo vilikuwa vimeanza kutoa ozoni pungufu kwa asilimia kadhaa. Mhakiki naye alihakikiwa.

"Vipimo viwili vikitofautiana, kimoja ni kibovu." Si lazima. Nitrojeni dioksaidi hubadilika haraka jua linapochomoza na linapozama, na vyombo vinavyopima kwa kulitazama jua kupitia angahewa hufanya kazi saa hizohizo. Ukilinganisha kipimo cha machweo na cha adhuhuri, tofauti utakayoiona ni ya gesi yenyewe. Kwenye ncha za dunia, wakati wa baridi, pepo kali huzunguka na kuifungia hewa ndani yake. Sehemu mbili zilizoachana kwa kilomita 200 tu zinaweza kuwa na hewa tofauti kabisa, moja ikiwa ndani ya mzunguko na nyingine nje. Kuna pia suala la unene: puto huona matabaka ya mita mia moja hivi, MLS huona kilomita 3 kwa pamoja. Data za puto hulainishwa kwanza zifanane na macho ya setilaiti, ndipo zilinganishwe. Anayeruka hatua hii hupata tofauti kubwa na kuilaumu setilaiti bure.

Dhana inayonisumbua mimi zaidi ni ile ya kuhakiki mara moja, mwaka wa kwanza baada ya kurushwa, kisha basi. Vifaa huchakaa angani. Mvuke wa maji katika stratosfia ni molekuli 4 au 5 hivi tu kwa kila milioni, na watafiti wanaorusha maputo yenye vioo vinavyopozwa hadi vikashika barafu waliona kwamba tangu karibu 2010, vipimo vya MLS vilikuwa vikionyesha mvuke unaozidi kidogo kidogo ule wa vioo vyao. Sehemu ya ongezeko hilo haikuwa hewani. Ilitoka ndani ya kipokezi. Toleo la tano la data za MLS likapunguza kosa hilo. Fikiria lau maputo yale yangesitishwa ili kubana matumizi: mvuke wa stratosfia huongeza joto duniani, na uchakavu wa chombo ungesomwa kama mabadiliko ya tabianchi.

Kisa cha tundu la ozoni nacho husimuliwa vibaya. Inasemekana kompyuta za NASA zilitupa data za setilaiti zilizoonyesha ozoni kidogo, hadi Joseph Farman na wenzake walipotangaza matokeo ya kituo cha Halley, Antaktika, Mei 1985. Data hazikutupwa, ziliwekewa alama ya kutiliwa shaka. Wataalamu walizilinganisha na kifaa cha ardhini kwenye Ncha ya Kusini, kikawaonyesha takriban 300 kwa kipimo cha Dobson, kinachopima wingi wa ozoni, yaani nyingi kuliko iliyoonwa na setilaiti. Baadaye ikabainika kwamba takwimu za kifaa hicho ndizo zilizokuwa na kosa. Shahidi mmoja hakutosha.

La mwisho ni kudhani kwamba setilaiti mpya huendelea tu pale ya zamani ilipokoma. Kila chombo kina mwegemeo wake, yaani tabia ya kukosea kuelekea upande mmoja, na ili uujue ni lazima viwili vipime pamoja kwa muda. Envisat, setilaiti ya Ulaya, ilinyamaza ghafla Aprili 2012. Chombo cha kupima ozoni SAGE II kilikoma 2005, na mrithi wake SAGE III hakikuanza kazi kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga hadi 2017. Vyombo kama OSIRIS, kilichorushwa 2001 ndani ya setilaiti ya Odin, vimekuwa daraja la kuunganisha rekodi hizo, huku vituo vya ardhini vikilikagua daraja lenyewe.