Huà shé tiān zú: nyoka aliyeongezewa miguu

Wanafunzi wangu wa lugha ya Kichina huipenda mapema nahau ya 画蛇添足 (huà shé tiān zú), kwa kuwa ni fupi na picha yake iko wazi: umechora nyoka, kisha unamwongezea miguu. Tabu huanza wanapoibandika kwenye kila kilichozidi. Chumvi ikizidi mchuzini, huà shé tiān zú! Hapana.

Turudi kwenye kisa chenyewe, kilichomo katika Zhanguo Ce, kitabu cha kale cha visa vya dola za Uchina zilizokuwa zikipigana. Katika dola ya Chu, baada ya tambiko, watumishi wa bwana mmoja walipewa kikombe kimoja cha pombe. Wakigawana hakiwatoshi, akinywa mmoja, atashiba. Wakakubaliana wachore nyoka ardhini, atakayetangulia kumaliza ndiye anywe. Mmoja akawahi. Akashika kikombe kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukaendelea kuchora: "Naweza hata kumwekea miguu." Kabla hajaimaliza hiyo miguu, mwenzake naye akamaliza nyoka wake, akampokonya kikombe. Nyoka hana miguu, akamwambia, wewe unampaje? Akanywa yote.

Vitabu vingi vya wanafunzi huishia hapo, na mimi naona vimeacha kiini. Kisa hiki alisimuliwa jemadari Zhao Yang wa Chu, aliyekuwa ameishinda dola ya Wei na kuteka miji minane, sasa anaigeukia dola ya Qi. Chen Zhen, aliyekuja kuitetea Qi, alimuuliza: juu ya cheo chako kuna cheo gani? Kimoja tu, akajibu Zhao Yang. Na mfalme haweki watu wawili kwenye cheo hicho, akasema Chen Zhen. Basi ukishinda tena huongezewi kitu, na ukishindwa unapoteza hata ulichonacho. Zhao Yang akaondoa majeshi yake.

Ndiyo maana nahau hii inataka kitu kilichokwisha kukamilika, kikaharibiwa na nyongeza. Mhariri atasema: 再加一段就是画蛇添足, yaani ukiongeza aya nyingine utaiharibu makala. Kama nyongeza ni usumbufu tu, bila hasara, 多此一举 (duō cǐ yī jǔ) inafaa zaidi.

Ni neno la kukosoa, kwa hiyo usimwambie mkubwa wako kuhusu kazi yake. Kwa maneno yako mwenyewe, lakini, ni adabu nzuri. Kikaoni, jambo likiwa limeshaelezwa vya kutosha, utasikia mtu akianza hivi: 我再画蛇添足说一句, yaani niongeze neno moja, ingawa ni kumwekea nyoka miguu, na hapo wenzake humpa nafasi aseme.